Pijo Lililochemka Luguruni

Mtaani kwao Kimara, Kornelio Ndunguru hakuitwa Kornelio. Aliitwa Mzee Pijo, kwa sababu ya gari lake, Pijo 504 la rangi ya krimu alilolinunua kwa bruda mmoja wa misheni zamani, mtoto wake Noela akiwa bado hajazaliwa. Mtaa mzima ulikuwa na magari madogo ya Kijapani yanayofanana kama vifaranga. La kwake ndilo pekee lililokuwa na pua ndefu na boneti pana ambayo mtu angeweza kuanikia mpunga. Alilifuta kila asubuhi, na aliyesimama kulitazama hakuachwa aende hivihivi.

"Hiki ni chuma," alisema akigonga boneti. "Haya ya kwenu ni makopo."

Watu walicheka. Stanley, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwenye kigari cheupe cha kupeleka watoto shule, alicheka kuliko wote.

Ambacho Kornelio hakumwambia mtu ni kwamba chuma kile kilikuwa kinaumwa, tena magonjwa mawili. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, gari liliwaka mara moja, na mtaa mzima ukasikia. Lakini likishatembea, likapata moto, likazimwa, basi. Ukizungusha ufunguo, stata ililia "ta!" mara moja ikanyamaza, mpaka injini ipoe kabisa. Na ugonjwa wa pili ulikuwa mlimani. Likipanda kilima kirefu, mshale wa joto nao ulipanda, na mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti kama sufuria ya maharage.

Mtu aliyeyaita magari ya wenzake makopo hawezi kuwaomba wenye makopo wamsukume. Kwa hiyo Kornelio alijifunza miteremko. Kimara ina vilima, na yeye alijua kila mahali ambapo gari lingeweza kuteremka lenyewe, ukatia gia ya pili, ukaachia klachi, likawaka. Kanisani alikuwa haegeshi uwanjani na wenzake; alikwenda kuegesha nyuma kabisa, kwenye kona ya mteremko kuelekea bondeni, halafu akatembea. Wanakwaya walisema Mzee Pijo ni mnyenyekevu, hagombanii nafasi ya mbele. Maneno hayo yalimfikia. Aliyaacha yalivyo.

Mafundi alikwenda, ila aliwaeleza nusu nusu. Wa Sinza alimwambia tu kwamba stata "inasita kidogo," naye akambadilishia betri. Mwingine alimwambia maji "yanapungua pungua," na yule akafungua, akatoa temostati inayodhibiti joto la injini, akaitupa chini. "Hii ya nchi za baridi, mzee. Dar yenyewe jiko." Hakuna aliyepata kuambiwa kwamba gari linachemka kila Jumamosi na likipata moto haliwaki. Kornelio alikuwa anaona aibu hata mbele ya fundi.

Jumamosi ilikuwa siku ya shamba. Alikuwa na kiwanja Kibamba, mipapai na mihogo, na mlinzi wa kukiangalia. Njia yenyewe ni Morogoro Road, moja kwa moja, ila inapanda. Siku moja, akiwa amepita Mbezi, mshale ukafika mwisho, mvuke ukaziba kioo chote. Kulikuwa na njia ya vumbi kushoto. Akakata kona, gari likajivuta hadi kwenye uwanja wa nyumba moja ya bati, likazima lenyewe.

Mlango ukafunguliwa, akatoka mama mmoja mfupi, amejifunga kanga kifuani, mkono umekinga jua. Alimtazama Kornelio, akalitazama gari, halafu akapiga vigelegele.

"Mwanangu! Mwanangu umenikumbuka!"

Hapo ndipo Kornelio alipotambua alipo. Alikuwa Luguruni, kwa Mama Auleria, mama yake marehemu Albano.

Albano alikuwa mwenzie kazini, wote wakitunza stoo ya kiwanda cha nguo. Walikula pamoja, walitoka wote upande wa Mbinga, na Albano alipofariki ni Kornelio aliyesimama msibani, palepale kwenye uwanja ule, akawaambia watu: "Kuanzia leo mama huyu ni mama yangu." Watu walilia. Mama Auleria alimshika mikono yote miwili. Halafu Kornelio akaondoka na hakurudi tena. Hakuwa na sababu. Alisema atakwenda mwezi unaokuja, na mwezi unaokuja ukawa miaka. Hata nyumba yenyewe hakuitambua mara moja, kwa jinsi barabara ilivyopanuliwa na lami kusogea karibu.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, marahaba baba. Ingia. Mbona umesimama juani?"

Angeweza kusema palepale. Mama, gari limechemka, nisaidie maji. Lakini mama alikuwa ameshashika mkono wake na machozi yanamlenga. Kornelio akafungua mlango wa nyuma, akatoa kilo ya sukari aliyokuwa anampelekea mlinzi wa shamba, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Nimekuletea sukari kidogo, mama."

Alikunywa chai. Alikula viazi. Alitazama picha ya Albano ukutani, akashindwa kuitazama mara ya pili. Mama alipokwenda jikoni, Kornelio alichota ndoo ya maji kisimani "anawe mikono," akaenda mbio kulijaza gari. Wakati wa kuaga, uwanja ulikuwa na mteremko kurudi barabarani. Akaachia breki, gari likateremka kimya mpaka likapita ua wa michongoma, na huko, mama asikoona, akaachia klachi likawaka.

Jumamosi iliyofuata gari likachemka tena, palepale karibu. Kwani lingechemkia wapi? Kilima ni kilekile. Na hapo ndipo palipokuwa na kisima, na mteremko, na mtu asiyeuliza maswali. Akaingia.

Basi ikawa desturi. Mama Auleria akaanza kumpikia. Jumamosi hii ugali na dagaa wa Nyasa aliotumiwa kutoka kwao, Jumamosi nyingine kande zilizoungwa kwa karanga. Kornelio alipeleka mapapai, akayaweka mezani kama kwamba ameyachuma kwa ajili yake. Walizungumza habari za Albano utotoni, alivyowahi kuanguka mtoni, alivyokuwa hapendi shule. Wakati mwingine Kornelio alisahau kabisa lililomleta. Lakini kila alipoinuka kwenda kujaza maji kwa siri, alikumbuka, na uso ukamwaka moto.

Aliyemmaliza kabisa alikuwa Tunu, jirani wa Mama Auleria mwenye genge la mboga barabarani. Siku moja Kornelio amesimama kununua nyanya, Tunu akamwambia, "Bibi anakusifia kila siku kwenye sala za jumuiya. Anasema mtoto wake yule ana heshima, hata gari hawashi uani kwake, anaogopa kumjazia moshi ndani. Analisukuma taratibu mpaka nje ndo anawasha."

Kornelio alilipa nyanya, akaondoka bila kuzichukua.

Nyumbani, mkewe Editha aliona tu kwamba mume anarudi ameshiba. "Kibamba siku hizi kuna nani anakupikia?" aliuliza mara moja, kwa utani usio utani. Kornelio akasema mlinzi. Angesemaje? Angesema anakwenda kwa mama yake Albano, Editha angefurahi, angetaka waende wote, na mambo ya ndoo yangeonekana.

Yote yalikatika siku ya foleni ya Mbezi. Gari halikufika hata kilimani. Lilichemka katikati ya magari, karibu na stendi, mvuke mpaka abiria wa mabasi wakatoa simu wakipiga picha. Likazima. Stata, "ta!" Hapakuwa na mteremko. Kornelio alikaa ndani, vioo vimefungwa, jasho likimtiririka, mpaka mtu akagonga kioo. Alikuwa Stanley.

"Mzee, vipi? Nina kamba."

Kopo likamvuta Pijo. Lilimvuta kutoka Mbezi hadi Kimara, likapita kanisani, likapita kituo cha mwendokasi, likapita mtaani kwao, na watu wakatoka kuangalia. Stanley hakusema neno la kejeli, si njiani, si walipofika. Kornelio alitamani aseme. Angesema, wangekuwa wamelipana.

Walilipeleka gari kwa fundi Salumu, mtu wa makamo aliyejaa grisi, ambaye kwanza aliuliza, "Tatizo nini?"

Kornelio akamtazama Stanley aliyesimama pembeni na kamba mkononi. Kuficha kulikuwa hakuna maana tena. Akasema yote. Linachemka mlimani. Likipata moto stata haizunguki. Likipoa linawaka. Tangu lini? Tangu mwaka jana. Temostati ilitolewa. Ndiyo, anajaza maji kila mara.

Salumu naye hakupatia mara moja. Kwanza alikaza mkanda wa feni uliokuwa umelegea, wakalijaribu, likachemka vilevile. Akaingiwa na hofu kwamba gasketi ya juu ya injini imeungua. Alichomoa kijiti cha oili, akaangalia kama oili imechanganyika na maji, ilikuwa safi. Akafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, akaiwasha, akatazama kama maji yanatoa mapovu, hayakutoa. Akakuna kichwa. Akaiacha injini ipate moto, akaizima, ndipo akamwambia Kornelio, "Hebu weka mkono hapa kwenye rejeta. Taratibu. Sasa hapa."

Upande mmoja mkono haukukaa hata kidogo, kwa moto. Upande mwingine, na chini yote, palikuwa pa baridi kama ukuta.

"Maji hayapiti," Salumu alisema. "Imeziba."

Waliitoa, wakaichomolea mfuniko wa juu. Vijibomba ndani vilikuwa vimejaa utandu mweupe, mgumu kama ukoko wa ugali.

"Unawekaga maji gani humu?"

"Ya kisima."

"Kisima cha wapi?"

"Luguruni."

"Yana chumvi hayo, mzee. Labda lilianza na tatizo dogo tu, mkanda au temostati. Ila huku kuziba, umeiziba mwenyewe, ndoo kwa ndoo."

Salumu alisema hivyo kawaida tu, huku akitafuta spana. Hakujua kwa nini mteja wake aliinuka akaenda kusimama barabarani.

Rejeta ilisafishwa kwa vijiti vya chuma na kuchomelewa upya, temostati mpya ikawekwa. Stata nayo ilikuwa na mambo mawili: kaboni zake zilikuwa zimekwisha, na waya mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi ulikuwa umeliwa na kutu, ukibaki nyuzi chache. Injini ikiwa baridi umeme ulijipenyeza. Ikipata moto ulishindwa. Salumu alifunga waya mpya, akaendesha gari mpaka likapata moto sawasawa, akalizima, akampa Kornelio ufunguo.

Liliwaka. Kornelio akalizima, akaliwasha tena. Akalizima, akaliwasha tena, mpaka Salumu akacheka. "Basi mzee, utalichosha."

Jumamosi iliyofuata Pijo lilipanda kilima mshale ukiwa umetulia katikati. Lilifika Luguruni bila hata kutoa harufu. Kornelio alikuwa amejiambia ataingia, safari hii kwa heshima, bila kuficha kitu. Lakini alikuwa amechelewa, mlinzi anamsubiri. Nitapita wakati wa kurudi, alisema. Wakati wa kurudi alikuwa na mihogo ya kuwahisha. Jumamosi ya pili kulikuwa na mvua. Na baada ya hapo, kila alipopita, kutokuingia kwa wiki iliyopita kulikuwa sababu ya kutokuingia wiki hii. Angemwambia nini? Akawa anageuza uso upande wa pili wa barabara anapokaribia ile njia ya vumbi.

Halafu kuna siku alimwona. Alikuwa amesimama kando ya lami, karibu na genge la Tunu, mwavuli mweusi mkononi, ametazama upande yanakotokea magari ya mjini. Alipoliona Pijo aliinua mkono. Kornelio alimwona vizuri, mpaka rangi ya kanga. Mguu wake haukugusa breki. Kwenye kioo cha kati aliona mkono bado uko juu, halafu ukashuka polepole.

Alijiambia mama hakumtambua. Lakini Pijo la krimu Morogoro Road nzima ni moja.

Kesho yake, Jumapili, wametoka misa na wanakunywa chai barazani, bajaji ikasimama nje. Mama Auleria akashuka, amevaa gauni la kanisani na kanga kiunoni, kuku mwekundu kwapani, aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Alikuwa ameulizia kituoni nyumba ya mwenye Pijo, akaletwa moja kwa moja.

Editha hakuwa amemwona tangu msiba. Aliinuka mbio. "Shikamoo mama! Jamani, mama yake Albano! Karibu, karibu kiti."

Mama Auleria alikaa ukingoni mwa kiti, akamweka kuku chini. Hakutaka chai.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema.

"Mie ni mtu mzima, mdomo unaponyoka," mama aliendelea. "Siku ile ya mwisho ulipokuja, nilisema kola ya shati lako imechakaa, mkeo aigeuze. Nimekaa nikafikiri, nikaona labda ni hilo. Nimemsema mke wa mtu nyumbani kwangu. Jana nimekupungia ukapita, nikajua kweli amekasirika. Basi nisameheni, wewe na mwenzio. Sikuwa na nia mbaya."

Editha aligeuka, akamtazama mumewe. "Siku ipi? Ulikuwa unakwenda kwa mama?"

"Kila Jumamosi," Mama Auleria alisema kwa fahari kidogo. "Tangu kabla ya kwaresima. Alikuwa hakosi."

"Mie nikadhani una mwanamke Kibamba," Editha alisema taratibu. "Kumbe ulikuwa unafanya jambo jema kiasi hicho, ukanificha?"

Wote wawili wakawa wanamtazama kwa macho ya huruma na sifa. Kornelio hakuweza kuyavumilia. Aliweka kikombe chini.

"Mama, hujanikosea kitu. Gari lilikuwa linachemka."

"Linachemka?"

"Likifika pale kwako lilikuwa linachemka. Nilikuwa naingia kulipoza. Kisima chako ndicho nilichokuwa nachukulia maji. Na lilikuwa haliwaki mpaka literemke, ndiyo maana nililiachia kimya. Sikuwa naogopa kukujazia moshi. Limeshatengenezwa. Ndiyo maana sikuja tena."

Kuku alijipigapiga sakafuni akatulia.

"Na sukari?" mama aliuliza.

"Ilikuwa ya mlinzi."

Mama Auleria aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayehesabu kitu moyoni. "Kwenye jumuiya nimewaambia wote," alisema. "Nimewaambia Albano aliniachia mtu." Halafu akamtazama. "Na jana? Uliniona?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Jua lilikuwa kali, magari mengi, angesema hakuona, na mama angekubali.

"Nilikuona, mama."

Mama Auleria akainuka, akafunga kanga yake upya. Editha akamshika mkono, akamsihi akae, angalau ale. Alikataa kwa upole. Kornelio alipotaja ufunguo wa gari ili ampeleke, alisema, "Hapana, baba Noela. Bajaji inatosha." Siku zote alikuwa anamwita mwanangu. Editha alimsindikiza mpaka kwake Luguruni, akarudi jioni, akaingia chumbani bila kusema alichosikia huko.

Usiku ule na siku zilizofuata Editha hakumgombeza. Alisema neno moja tu, akikunja nguo: "Ungekuwa na mwanamke ningejua nikuambie nini."

Jumamosi Kornelio alikwenda. Aliegesha barabarani, akaingia kwa miguu. Mama Auleria alikuwa anapalilia mchicha. Alipokea salamu, akamwonyesha kigoda, akaendelea kupalilia. Hapakuwa na chakula. Kornelio alikaa, hakujua aweke wapi mikono, mwishowe akachukua jembe lingine, akaanza upande wa pili wa tuta. Hawakuzungumza habari za Albano. Alipoaga, mama alisema, "Haya, msalimie mama Noela."

Akaenda wiki iliyofuata, na nyingine. Mara nyingine mama alikuwa hayupo, naye alimsubiri mpaka akarudi. Mara nyingine hali ya hewa kati yao ilikuwa nzuri kiasi, na alipewa uji. Alizibua mfereji wa maji ya mvua nyuma ya nyumba, akabadilisha bawaba ya mlango. Hakuitwa mwanangu. Alisubiri, na hakudai.

Siku ya jumuiya kusali pale kwa mama, Mama Auleria alimwambia Kornelio aje na mkewe. Walikwenda. Baada ya sala watu walikaa mkekani, wali na kuku wa mchuzi vimetengwa, na mgeni mmoja, mama aliyehamia karibuni, akauliza baba huyu ni nani.

Mama Auleria alikuwa anapakua. Hakugeuka.

"Alikuwa mwenzie marehemu mwanangu kazini," alisema. "Ana gari la zamani. Lilikuwa linamchemkia hapo barabarani, anakuja kuchota maji kisimani kwangu, mie nadhani ananipenda."

Watu wakaangua kicheko. Tunu alicheka mpaka akaweka sahani chini. Editha aliinamisha kichwa, naye mabega yakimtikisika. Kornelio alihisi masikio yanawaka, na macho ya wote yako kwake, na kwa mara ya kwanza hakutafuta kona ya kuyapeleka ya kwake. Alikaa palepale mkekani.

"Ni kweli," alisema.

Mama Auleria akaja, akamwekea sahani mbele, wali umejaa, paja la kuku juu. "Kula," alimwambia, "kabla hakijapoa," akapita kwenda kumpakulia mwingine.